Shimo Lisilodai Kitu

Kitabu kile nilikitoa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, bila kukisoma. Mimi mwalimu wa Kifaransa, ninayewafokea wanafunzi kwa kuandika juu ya vitabu wasivyovifungua, nilichagua kitabu kwa unene wake. Kilikuwa ndani ya sanduku la vitabu vya msaada lililofika shuleni kwetu Kasongo limelowa pembeni, vingi vikiwa vya mapishi ya nchi za baridi na vya kutunza mbwa. Hiki kilikuwa riwaya ya vijana, kurasa karibu mia nne, na kwenye jalada kuna mvulana mwenye taa amesimama mbele ya mlima wenye mdomo.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaondoka kwenda Salamabila kuchimba dhahabu. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa wa kwanza darasani kwangu, na siku ile nilikuwa na hasira naye hata sikutaka kumkumbatia. Nilikisukuma kitabu kwenye begi lake nikamwambia asiache Kifaransa chake kioze shimoni. Akacheka, akapanda nyuma ya pikipiki, begi limebanwa katikati ya magoti.

Hakurudi kututembelea hata mara moja. Kila mwaka alisema anakuja, na kila mwaka alikuwa hajapata cha kumtoa aibu. Alipiga simu, alituma sauti yake, alituma picha za uso wake umejaa matope na tochi imefungwa kwenye paji. Nilipomuuliza kuhusu kitabu alinijibu, akiniita yaya kama tunavyowaita dada wakubwa, kwamba yuko katikati. Baada ya miaka mitano begi lilirudi bila yeye.

Habari ilikuwa imetangulia kwa simu. Shimo liliporomoka watu watatu wakiwa chini, wawili wakatolewa, yeye akabaki. Wenzake walichimba siku sita, kisha udongo ukashuka mara ya pili, na mwenye shimo akasema inatosha. Ndani ya begi mlikuwa na suruali mbili, mashati, kopo la sabuni, simu isiyowaka na kile kitabu. Kurasa zake zilikuwa zimepata rangi ya udongo wa kule. Nilipokifungua, mchanga mwembamba ulimwagika mezani, na karibu na katikati nikaona pembe ya ukurasa mmoja imekunjwa.

Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa kwa mgomba. Ukoo hukata shina, hulipima kwa urefu wake, hulivika nguo zake, hulifunga shuka na kulishusha kaburini, na katekista husali kama anavyosali kwa mtu yeyote. Kabla ya hapo matanga hayaishi. Mama mfiwa analala chini kwenye mkeka, hanyoi nywele, hashiki jembe. Baba mdogo, anayeongoza ukoo tangu baba yetu afariki, alikuja baada ya wiki mbili kusema wakati umefika. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba yeye hakuona mwili, na wao pia hawakuona, basi wanataka kumzika nani.

Wiki zikapita, halafu miezi. Watu wengine walipanda mpunga, shamba letu likaota majani mpaka kiunoni. Mama alikonda. Mwaka ule nilikuwa na jambo moja tu kichwani: mama akubali kuzika, kabla sisi hatujamzika yeye.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Aliniuliza kile kitabu kinasema nini, nami bila kufikiri nikamsomea maneno ya nyuma ya jalada. Mvulana mmoja anashuka chini ya mlima kumtafuta kaka yake aliyechukuliwa na Watu wa Chini. Ningeuma ulimi. Mama hajui kusoma, lakini aliweka kiganja juu ya kitabu, akapapasa mpaka akapata ile pembe iliyokunjwa.

"Aliacha alama," akasema. "Soma."

Nilimweleza kwamba watu hukunja kurasa ili wasipotee, si kwa kutuma ujumbe. Akasema sawa, basi hakutaka kupotea, soma. Na akaweka sharti moja. Nisisome mbele peke yangu.

"Usitangulie," alisema. "Tuingie pamoja."

Tukawa tunasoma kila siku saa tisa alasiri, nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa. Ni saa ambayo jua linapiga mpaka mtaa wote unanyamaza, kuku wamelala kwenye vumbi, na hata redio za majirani zimezimwa. Nilisoma sentensi kwa Kifaransa kimoyomoyo, kisha nikaisema kwa Kiswahili chetu. Mama alikaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, macho kwenye udongo.

Sasa niseme kweli, maana mimi ni mtu wa kulaumu na lazima nitoe haki pale inapostahili. Nusu ya kwanza ya kitabu kile ilikuwa nzuri, nzuri ya kutisha. Yule mwandishi, mtu wa mbali ambaye sidhani kama aliwahi kuona machimbo ya kwetu, alijua harufu ya shimo. Aliandika kwamba hewa inayopanda kutoka chini ni ya vuguvugu, kama pumzi ya mtu aliyelala mdomo wazi. Aliandika kwamba walio chini hawapigi kelele, wanagonga mara tatu, wanangoja, wanagonga tena. Nilipotafsiri hapo nilisikia sauti yangu inapungua. Wenzake wa machimboni walikuwa wametuambia kwenye simu kwamba siku mbili za kwanza walisikia kugonga.

Kesho yake, mama alipokuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, nilimwona anatwanga mara tatu, anasimamisha mchi hewani, anasikiliza. Baadaye akaweka gunia chini ya kinu. Nilimuuliza kwa nini. Akajibu kwamba kinu kinapiga kelele sana, mtu akigonga hatutamsikia.

Kulikuwa pia na mbweha. Kitabu cha vijana wa kule lazima kiwe na mnyama anayesema, na huyu alikuwa na mzaha kila alipofungua mdomo, hata pale mvulana alipokuwa analia. Mama alimchukia mara moja. Aliniuliza kama mbweha yule hana kazi ya kufanya kwao, kisha akaniomba nimruke kila anapotokea. Nilimruka kwa furaha, na kitabu kikawa bora zaidi.

Kisha tukafika kwenye sharti la shimo. Mvulana anakutana na mwanamke kipofu anayelinda mlango wa chini, na mwanamke anamwambia kwamba shimo halitoi bure. Linatoa kwa uzito. Anayetaka kumtoa mtu wake lazima aache chini kitu chenye uzito ule ule, na kiwe kitu chenye uhai. Nilitafsiri haraka, nikitamani kupita, lakini mama aliniomba nirudie mara ya pili. Nilirudia. Ukurasa ule ndio uliokuwa umekunjwa pembe.

Wiki ile jirani yetu alikuwa anachimbisha choo kipya nyuma ya ua. Mama akaanza kwenda kukaa kando ya lile shimo, asubuhi, nikiwa shuleni. Jirani alinieleza kwa adabu kwamba haombi chochote, hasemi chochote, ila mara kwa mara anamwomba mchimbaji asimamishe kazi kidogo. Mchimbaji alikuwa mtu mzima, mkimya, aliyechimba vyoo vya nusu ya mtaa. Siku ya nne alitoka shimoni kabla ya saa sita, akaweka sururu begani, akasema hatashuka tena. Walimuuliza kama kuna maji. Akasema hapana, kuna mtu chini anachimba kuja juu.

Walimcheka, lakini hakuna aliyeshuka kuhakikisha. Lile shimo lilijazwa, wakachimba jingine upande wa pili wa ua. Na mimi, mwenye diploma yangu, niliyewafundisha watoto wa watu tofauti ya ushirikina na maarifa, nilikuwa nazunguka mbali nalo nikienda shuleni. Nilimwambia mama ni mwangwi wa sururu yake mwenyewe. Alinikubalia kwa kichwa, kama mtu anavyomkubalia mtoto.

Siku chache baadaye nilikifungua kitabu nikakuta ile pembe ya mwanzo imenyooshwa, na ukurasa tuliofikia jana yake ndio umekunjwa. Mimi huwa naweka kijiti cha mfagio, sikunji kurasa, nawachapa wanafunzi kwa kukunja kurasa. Nilimuuliza mama kama kuna mtu ameshika kitabu. Akasema ni yeye. Amekunja ili mwanawe ajue tumefika wapi.

Lakini kilichonitisha kuliko vyote ni mzani. Nilikuwa natoka sokoni, mfanyabiashara wa mpunga akaniita kando. Ni mtu anayemheshimu mama, alilima naye zamani. Aliniambia kwamba mama alipita kwake asubuhi akaomba kusimama juu ya mzani wa magunia. Alifikiri ni mambo ya zahanati, akampima. Mama akauliza kijana wa miaka ishirini, wa kazi ya nguvu, anafika kilo ngapi. Alipojibiwa, akasema yeye amepungua sana, itabidi aanze kula.

Na kweli, jioni ile alikula. Baba mdogo alipita akafurahi, akaniambia mama anarudi. Mimi nilikuwa nimeshika sahani nashindwa kuiweka chini. Mama alikuwa anakula ugali kwa bidii, kijiko cha mboga baada ya kijiko, akitafuta uzito.

Kesho yake nilivunja sharti la mama. Wakati wa mapumziko nilijifungia katika chumba cha walimu nikaruka mpaka mwisho wa kitabu, kurasa themanini ambazo mama na mimi tulikuwa bado hatujazifikia. Nilisoma nimesimama. Nilitaka kujua yule mvulana atalipa nini, kwa sababu mama alikuwa tayari kulipa hicho hicho.

Sikumbuki kitabu kingine kilichonitia hasira namna ile. Mvulana anafika mlangoni. Karibu kurasa mia mbili tumeambiwa kwamba shimo halitoi bure, mwanamke kipofu ameapa, watu wengine wamejaribu na kupotea. Basi mvulana analia. Chozi lake linaanguka juu ya jiwe, jiwe linawaka, mlango unafunguka, kaka anatoka. Mwanamke kipofu anaona tena. Mbweha anatoa mzaha. Hakuna aliyelipa kitu, hakuna anayeuliza kuhusu uzito, sharti lote limesahauliwa kama mwavuli kanisani. Wanapanda juu, mama yao amepika mikate ya mayai, wanakula. Katika ukurasa wa mwisho kabisa wanasikia sauti ya pembe mbali, na tunaambiwa tununue kitabu cha pili.

Nilipiga kile kitabu mezani mpaka mkurugenzi wa shule akachungulia. Nilimjibu kwamba nimeua mende. Nilikuwa nalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kijinga, maana ningetaka nini? Kwamba mvulana afe? Lakini mtu huwezi kuwaonyesha watu shimo la kweli, ukawafanya wasikie harufu yake, halafu ukawatoa kwa chozi moja. Ndugu yangu alililiwa na mtaa mzima. Kama machozi yangefungua udongo, Salamabila yote ingekuwa wazi.

Na chini ya hasira kulikuwa na hofu. Nikimsomea mama mwisho ule kama ulivyo, ataamini kwamba shimo linarudisha watu bure, na hatazika kamwe. Atakaa mlangoni miaka kumi. Nikiugeuza, nikasema mvulana alibaki chini badala ya kaka yake, basi nitakuwa nimempa mama ruhusa ya kushuka. Nikisema kaka alikufa, nitakuwa nimemwongopea katika kitabu cha marehemu, kwa sauti yangu, na yeye angejua. Mama anajua ninapodanganya tangu nina miaka minne.

Tuliendelea kusoma kwa mwendo wetu wa siku zote, nami nikarefusha njia kadiri nilivyoweza. Nilimrudisha hata mbweha. Siku ya tisa zikabaki kurasa sita. Jua lilikuwa kali, ua umenyamaza. Nilisoma kama ilivyoandikwa. Sikuongeza, sikupunguza, ila sikuweza kuzuia ukali wa sauti yangu. Chozi, jiwe, mlango. Kaka anatoka akicheka, amevaa shati lake la buluu alilokuwa nalo siku alipochukuliwa, nywele zake zimechanwa. Nikafunga kitabu nikangoja.

Nilisikia panya anatembea juu ya dari. Kisha mama akaanza kuniuliza, polepole, kama mtu anayehoji shahidi.

"Alikuwa chini miaka ngapi?"

"Saba," nikasema.

"Na shati yake?"

"Ile ile."

"Ilimutosha bado?"

Nilifungua tena ukurasa kuhakikisha. Nikamwambia ndiyo, kitabu kinasema alikuwa vile vile alivyoondoka, hata kovu la goti lilikuwa bado bichi.

Mama akatikisa kichwa. Uso wake ulikuwa na kitu nilichokuwa sijakiona tangu habari ifike, na ilinichukua muda kukitambua. Ilikuwa dharau.

"Ule haiko ndugu yake," akasema. "Miaka saba mu udongo, na hakukua, hakuchafuka? Walimupa kitu ingine. Na ule mutoto mujinga anaibeba, anaenda nayo nyumbani, anaikalisha karibu na mama yake, inakula."

Niliona ile meza ya mikate ya mayai, na kile kitu chenye shati la buluu kinatafuna, na mama yule anakiongezea.

"Mwenye kuandika hakuona?" akauliza.

Nikamwambia hakuona. Mama akasema basi huyo hajazika mtu bado, siku akizika ataandika vizuri. Akaangalia mahali jirani alipofukia shimo la choo, ambapo majani yalikuwa yameanza kuota.

"Mimi sitaki waniletee ile kitu," alisema. "Ikigonga, tusiifungulie. Uambie baba yako mudogo akate mugomba."

Halafu akalia, kwa sauti, kama alivyotakiwa kulia miezi mitano nyuma, na majirani wakatoka. Mimi nililia naye, kwa uchungu na kwa furaha, kwani nilijua atabaki.

Baba mdogo hakupoteza wakati. Alipeleka habari kwa ndugu wa ukoo walioko Lusangi, akamwona katekista, akapanga siku. Kutoka Salamabila alikuja mmoja tu, kijana aliyekuwa akilala hema moja na ndugu yangu. Alifika mchana wa kuamkia maziko, kiuno kimekufa ganzi kwa safari ya pikipiki. Kucha zake mbili hazikuwepo, zilizong'oka katika zile siku sita za kuchimba. Alimpa mama mkono kwa magoti yote mawili chini, na mama alimshika kichwa.

Alipoona kitabu juu ya kiti alikitambua. Alinisimulia kwamba Jumapili, siku ambayo hakuna anayeshuka, ndugu yangu alikuwa anawasomea hema zima, akiwageuzia kwa Kiswahili, na mbweha alikuwa anamruka. Lakini hakuwahi kuwavusha ile pembe ya mwanzo iliyokunjwa. Akifika hapo anafunga. Walimgombeza mara ngapi, walitaka mwisho.

"Alikuwa anasema, kuanzia hapa mwandishi alichoka," yule kijana akaniambia. "Anasema, yaya wangu akisoma hii ataniua."

Nilicheka mpaka nikaona aibu, nyumba imejaa watu wa msiba. Kumbe alikisoma chote, na alikasirishwa na mwisho ule ule ulionikasirisha. Miaka mitano nilikuwa naamini amekwama katikati.

Asubuhi baba mdogo alikata shina kule migombani. Waliniuliza mimi urefu, kwa kuwa ndiye niliyemlea na kumshonea sare za shule. Sikuhitaji kufikiri. Niliweka kiganja kwenye sikio langu, hapo ndipo alipofika. Walikata hapo. Mimi na mashangazi tulilivika zile suruali na shati kutoka kwenye begi. Suruali ilikuwa ndefu, nikaikunja mara mbili chini, hata nikanung'unika kwamba vijana wa siku hizi wananunua mitumba bila kujipima. Tulilifunga shuka jeupe, tukalilaza kwenye mkeka sebuleni, mama akakaa kichwani pake.

Yule kijana alikuwa miongoni mwa wanne wa kubeba. Aliingia, akavua kofia, akatazama mkeka. Akatazama tena pande zote za chumba, kama anayetafuta. Kisha akanisogelea, akaniuliza chini chini, kwa heshima, asije akamwumiza mtu.

"Yaya, hii ni ya mutoto gani?"

Nilimwambia ni yeye. Ni ndugu yangu, ni rafiki yako.

Alisimama mbele yangu akainua mkono, kiganja kimelala, akaupitisha juu ya sikio langu, juu ya kipaji changu, juu ya kilemba changu, akausimamisha shibiri nzima juu ya kichwa changu.

"Alikuwa anafika hapa," akasema. "Hema letu alikuwa anaingia ameinama."

Wiki nzima nilikuwa nimemtukana mwandishi wa watu kwa kumtoa shimoni mtoto asiyekua. Na mimi nilikuwa nimemkatia ndugu yangu kaburi la miaka kumi na mitano, nimemkunjia na suruali. Baba mdogo aliinama akaanza kuangalia panga lake.

Mama ndiye aliyeinuka. Alimzunguka yule kijana polepole, akaja kusimama mbele ya mkono wake, hapo ambapo hapakuwa na mtu, akarudi hatua moja kama unavyofanya mtu akiwa mrefu, akainua uso kutazama juu.

"Usishushe mukono bado," akamwambia.

Nilichukua panga mikononi mwa baba mdogo nikaenda migombani kutafuta shina lingine. Nilichelewa, maana marefu yalikuwa mbali, upande wa mtoni, na nilitaka lililonyooka. Niliporudi nimelibeba begani, mkono wa yule kijana ulikuwa unatetemeka mpaka kwenye bega, lakini ulikuwa bado juu, na mama alikuwa bado anatazama.